Bi Harusi, Kikapu Usikifiche



Karibuni tulimsindikiza bi harusi wetu kwa mumewe, mbali na bahari, Mpanda mkoani Katavi. Tulipanda treni ya Reli ya Kati, Kaliua tukashika tawi la Mpanda, tukauvuka Mto Ugalla na misitu ya miyombo isiyokwisha. Vyombo vya bi harusi vilijaa plastiki: makasha, droo za ghorofa nne, mabeseni ya kila rangi. Chini kabisa kilikuwapo kikapu cha ukili chenye kifuniko, alichoshonewa na bibi yake. Tulipokaribia kufika, mmoja wetu akanong'ona, "Kile kikapu kifunikeni kanga, wasije wakatuona watu wa shamba."

Tukakifunika. Leo tunaandika kwa sababu ya aibu ile.

Maana tulipofungua mizigo, droo mbili zilikuwa zimepasuka, kikapu kizima. Mama mkwe alipita kwenye plastiki yote bila neno, akakishika kikapu, akafuata mshono wake kwa kidole na kuuliza, "Hiki nani kakishona?" Kisha akatuletea vyake, vikapu vya nyasi alivyonunua kwa wasusi wa Katumba, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wanawake wawili wasiojuana, mmoja wa kisiwani na mmoja wa bara, wameshindwa nini na kiwanda?

Tuseme wazi: tatizo letu si umaskini wala uhaba wa mafundi. Ni kibri. Dukani tunalipa bei iliyobandikwa bila kufungua mdomo. Kwa mama wa Pemba au Makunduchi, aliyekata miyaa, akaianika, akaitia rangi, akasuka ukili pima kwa pima na kuushona, tunaikata bei nusu kisha tunaomba na nyongeza. Halafu tunajisifu kwamba tunapenda vya asili! Dada, mlipe haki yake. Imepokewa kwamba Salman al-Farisi (R.A.), akiwa gavana wa Madain, alisuka makuti ya mtende kwa mikono yake na kula kwa jasho hilo. Kazi aliyoishi nayo sahaba, sisi tunaifunika kanga?

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tukapiga makofi. Lakini plastiki tuliyoikataa sokoni tunaiingiza chumbani kwa jina la makasha na droo. Ikipasuka inachomwa nyuma ya nyumba, watoto wanavuta moshi wake. Suratul Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na kununua kila mwaka kitu kile kile kwa sababu cha mwaka jana kimevunjika ni ubadhirifu.

Wapo watakaosema kikapu kinaota ukungu na kuingia wadudu. Kweli, kikiachwa kwenye sakafu yenye majimaji. Kinyanyue juu ya kibao, kianike juani mara kwa mara, weka karafuu chache ndani. Kikapu kinapitisha hewa, na kwa unyevu wa visiwani kwetu nguo hukaa vizuri humo kuliko ndani ya kasha la plastiki lililofungwa kwa nguvu. Kikubwa chenye kifuniko kitie shuka na kanga, cha kati mitandio, kidogo udi na ubani. Msala na juzuu zako zipate kikapu chao juu ya rafu. Unga na sukari usivitie. Hivyo ni vya chupa na makopo. Na plastiki uliyo nayo tayari usiitupe ili uonekane mpya. Itumie mpaka ichakae, kwani kuitupa ikiwa nzima nako ni israfu.

Lakini tusijidanganye kwamba kila cha asili hakina madhara. Hili nalo tulifundishwa huko huko Ugalla. Tuliona kilindo, kasha la mviringo la gome la mti, tukakitamani kwa sebule. Shemeji yetu mmoja, mrina asali, akatupeleka msituni na kutuonesha mti wa mwombo uliokauka umesimama. Gome lake lilikuwa limevuliwa kuzunguka shina lote, likafanywa mzinga wa nyuki. Mti uliovuliwa gome hivyo hufa. Ndiyo maana siku hizi warinaji wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2019, lakini hifadhi haitaulinda msitu ikiwa sisi wanunuzi tunataka gome jipya kwa ajili ya pambo. Kilindo cha kurithi kitunze kwa heshima. Kipya usiagize.

Jani si gome. Ukikata miyaa au ukindu na kuacha kilele, mti unaendelea kutoa majani. Basi muulize muuzaji: hiki kimetengenezwa kwa nini, na mmea wake bado uko hai? Vile vikapu vya madukani vinavyong'aa, vilivyosukwa kwa nyuzi za plastiki, navyo ni plastiki ile ile iliyovaa nguo yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimesimama. Itakuwaje sisi tuue mti kwa ajili ya kuweka mitandio?

Makungwi na masomo, mnapoandika orodha ya vyombo vya bi harusi, anzeni na vikapu, na andikeni bei ya haki mbele yake. Nawe bi harusi, siku wanapokuja wakwe kuona chumba, kikapu cha bibi yako kiweke mahali wanapokiona kwanza.

Wabillahi tawfiq.