Bomu la Mbao Halifi kwa Kuoza

Kila mabomu ya kutegwa ardhini yanapozungumzwa, hakosi mtu wa kusema kwamba yale ya mbao yasitusumbue: mbao huoza, na miaka itamaliza kazi yenyewe. Napinga kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Anayeiamini atamruhusu mwanawe achunge mbuzi mahali ambapo hata yeye hakupaswa kukanyaga.

Tulitazame bomu lenyewe. PMD-6 ya Wasovieti, iliyotumika tangu vita vyao na Finland vya 1939–40, ni kisanduku cha mbao chenye gramu 200 za TNT. Ukingo wa kifuniko chake umekaa juu ya pini ya kifyatuo. Mguu ukikandamiza kifuniko, pini huchomoka, springi hukisukuma kipigio, na fataki hulipuka. Wajerumani nao walikuwa na Schützenmine 42, ya mbao vilevile, yenye gramu 200 za baruti. Kiasi hicho kinatosha kumkata mtu mguu.

Sasa niambieni, kinachooza hapo ni nini? Mchwa watakula ubao, lakini TNT hawaili, na maji ya mvua hayaiyeyushi kirahisi. Kifuniko kikilegea, udongo wenyewe huanza kuilemea pini. Springi na pini za chuma hushika kutu, kila moja kwa namna yake. Ndiyo, mengine hufa kabisa, nakubali. Lakini aliyesimama juu ya ardhi hana njia ya kujua lipi limekufa na lipi linangoja uzito mdogo kuliko ule lililoundiwa.

Wala si rahisi kuyapata. Mpoland Józef Kosacki alibuni kifaa cha mkononi cha kutambua metali, na Waingereza wakakitumia katika mapigano ya El Alamein mwaka 1942. Kisanduku cha mbao chenye vipande vichache vya chuma hukisumbua sana kifaa cha aina hiyo. Mbao hizo, ambazo wengi huzichukulia kuwa dalili ya umaskini wa jeshi, ndizo zilizolificha bomu.

Kisha kuna jambo ambalo bomu la chuma haliwezi: la mbao huelea. Julai 2010, mvua kubwa ziliyasomba mabomu ya visanduku kutoka Korea Kaskazini hadi mito ya Korea Kusini, na mtu akafa. Hakuna aliyeyatega pale. Hayakuwa kwenye ramani yoyote. Agosti 2015, mabomu ya aina hiyohiyo yaliwakata miguu askari wawili wa Korea Kusini mpakani. Uchunguzi ulisema hayo yalitegwa karibuni, maana yake bado kuna jeshi linaloziamini mbao hizo.

Dawa ipo, na sehemu yake imetoka kwetu. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hunusa baruti yenyewe, hivyo ganda liwe la mbao, plastiki au chuma, kwao ni mamoja. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 ya ardhini nchini Kambodia. Msumbiji ilipata amani mwaka 1992, ikatangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015, baada ya watu kupiga magoti na kupekua ardhi yake kipande kwa kipande. Shamba ambalo halijapekuliwa hivyo lisigawiwe kwa mkulima yeyote, hata vita viwe viliisha kabla babu yake hajazaliwa.