Falsafa ya Bara Hindi si Kauli Moja

Sera ya elimu ya India ya mwaka 2020 iliagiza wanafunzi wafundishwe elimu ya asili ya nchi yao, falsafa ikiwemo. Si jambo baya. Lakini mwaka 2023 kitabu cha historia cha darasa la 12 kilitoka bila ya sura iliyoeleza mabaraza ya wafalme wa Kimoghuli. Wahusika walisema wanawapunguzia wanafunzi mzigo baada ya Korona. Na iwe hivyo. Ila falsafa hiyo inayosifiwa ni ya nani?

Sisi wa mwambao tukishasema "Baniani" twadhani tumemaliza. Kumbe wanavyuoni wao hawakuafikiana hata katika mambo ya msingi. Wako watu wa Mimamsa, washikao kuwa Veda, vitabu vyao vitukufu, ni za milele, na papo hapo wasione haja ya Muumba! Watu wa Nyaya, mabingwa wa mantiki, wakatunga hoja za kuthibitisha kuwa Mungu yuko. Mabudha wakamkana Muumba, na nafsi ya kudumu pia. Charvaka ndio waliopita mpaka: walikana Veda, akhera na malipo ya matendo, wasiamini ila kinachoonekana.

Katika mijadala hii Waislamu hawakuwa watazamaji. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, na yapata mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya Wahindi, akieleza itikadi zao kwa maneno yao wenyewe, bila kejeli.

Kisha akaja Dara Shikoh, mwana wa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal. Mwaka 1657, akisaidiwa na wanavyuoni wa Banaras, alimaliza kufasiri kwa Kiajemi Upanishad hamsini hivi, ambazo ni maandiko ya falsafa yaliyo sehemu ya Veda. Akadai kuwa hizo ndizo "kitabu kilichohifadhiwa" kinachotajwa katika Sura ya Waqia. Hapo alikwenda mbali mno, wala mimi simkubalii. Mwaka 1659 alihukumiwa kuwa ameritadi, akauawa kwa amri ya nduguye Aurangzeb, ingawa ugomvi wenyewe ulikuwa wa kiti cha enzi.

Kazi yake haikufa. Mfaransa Anquetil-Duperron aliitoa katika Kiajemi akaitia katika Kilatini, ikachapishwa 1801 na 1802, na ndiyo aliyoisoma Schopenhauer, mwanafalsafa wa Kijerumani. Basi Upanishad hizo zilifika Ulaya kwa kalamu ya Mwislamu, tena mwana wa mabaraza yale yale ambayo sura yake imeondolewa kitabuni.