Mwalimu Nimpendaye kwa Dakika Mbili

Yako mazoezi ya shule ambayo kwa kuyatazama hayana dhara, na kwa sababu hiyo hayatazamwi. Moja katika hayo ni lile la kumsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake katika kipindi cha kuzungumza Kiingereza, akaambiwa atoe habari za mwalimu aliyempenda na mambo anayoyakumbuka ya shule yake. Zoezi hili limeenea tangu kidato cha kwanza hata madarasa ya stadi za mawasiliano katika vyuo vikuu vyetu. Wenzangu wafundishao Kiingereza hulipenda, na sababu waitoayo husikika kuwa njema: mtu husema vizuri juu ya jambo alijualo. Mimi nasema kwamba kwa wanafunzi wetu wengi zoezi hili, kama lifanywavyo sasa, ni mafunzo ya uongo; na uongo wenyewe ni wa namna mbaya, maana msemaji hujidanganya juu ya maisha yake mwenyewe. Najua neno hili ni zito, na kwamba litokapo katika kinywa cha mwalimu wa Kiswahili litadhaniwa kuwa ni wivu wa mke mwenza. Wivu haumo, kama msomaji atakavyoona akinivumilia.

Mwaka jana mwenzangu mmoja alinialika niketi nyuma ya darasa lake. Wanafunzi kumi na mmoja walisimama mmoja baada ya mmoja, kila mtu na dakika zake mbili. Nilishika kalamu nikawa naandika sifa walizozitaja. Alipoketi wa nne niliiweka kalamu chini, kwa kuwa sifa zilikuwa zile zile: mwalimu alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, alifundisha vizuri, alikuwa mkali lakini mwema. Vijana hawa walitoka mikoa mbalimbali, na haiyumkiniki kwamba wote walifundishwa na mtu mmoja. Lakini kwa Kiingereza chao walikuwa wamefundishwa na mtu mmoja, asiye na uso, asiye na kwao, asiyepata kuugua wala kukosea, ambaye nadhani alizaliwa katika kitabu cha mazoezi.

Wa tisa alikuwa msichana wa Ukerewe. Alisema kwamba mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa mkali lakini mwema, akapewa alama saba katika kumi, akaketi. Tulipotoka nilimkuta chini ya mwembe, nikamwuliza kwa Kiswahili: Mwanangu, huo ukali wake ulikuwaje? Alicheka kidogo, kisha akanisimulia.

Bibi yake alikuwa mwanika dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifai kitu penye mbalamwezi. Kwa hiyo uvuvi hushika kasi katika siku za giza na kulegea mwezi uwapo mpevu. Siku za giza mtoto huyu alikuwa ufukoni tangu alfajiri akianika dagaa mchangani, na shuleni alifika wenzake wamekwisha ingia. Mwezi ulipokuwa mkubwa alikuwa wa kwanza kufika. Mwalimu alikuwa mgeni, mtu wa nyanda za juu za kusini, hakuzijua habari za ziwa. Aliona mtoto awezaye kuwahi na asiyetaka, akamchapa. Mtoto hakujitetea, kwa sababu kwao mtoto hajibizani na mwalimu. Mwezi wa tatu mwalimu mwenyewe, akipekua daftari la mahudhurio, alitambua kwamba uchelewaji ule ulikuja na kwenda pamoja na mwezi. Jioni alikwenda nyumbani kwa yule bibi, akamwamkia, akaketi mchangani ijapokuwa aliletewa kigoda, akasema amekuja kuomba radhi kwake yeye bibi, maana mtoto hana nafasi ya kumsamehe mwalimu mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata alimpa mtoto kazi ya kupiga kengele ya shule, nayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Tangu siku ile shule ilimngoja. Mwalimu mkuu alinung'unika mara mbili, kisha akanyamaza.

Hiyo ndiyo maana ya maneno yale, mkali lakini mwema. Nilimwuliza kwa nini hakuyasema haya darasani. Akajibu kwamba hakujua kwa Kiingereza dagaa waitwaje, wala kuanika, wala giza la mwezi, wala rimu. Tena hakujua namna ya kusema kwamba mtu mzima alimwomba radhi mtoto kwa kumwomba bibi yake. Na dakika zilikuwa mbili.

Dakika mbili hizi zina asili yake. Mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ulioanza mwaka 1989, na ambao vijana wetu hulazimika kuufanya watakapo kusoma ng'ambo, una sehemu ya kuzungumza ya dakika 11 hadi 14. Katikati yake mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, na muda wa kusema usiozidi dakika 2. Mwalimu asiyesahaulika ni mada ya kawaida katika kadi hizo. Alama hutolewa kwa mambo manne: mtiririko wa maneno na mpangilio wake, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Ukweli haumo katika manne hayo. Siulaumu mtihani kwa hilo. Mtahini hana njia ya kujua yaliyotukia Ukerewe, na kazi yake ni kupima lugha. Wako hata wakufunzi wa mtihani huu wawaambiao watahiniwa waziwazi: ukikosa la kweli, zua. Kwa mtu atafutaye cheti ni shauri la busara. Kosa ni letu sisi tuliochukua kipimo tukakifanya somo, kana kwamba futi ya mshonaji ndiyo nguo yenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa hodari wa zoezi hili. Nilipokuwa kidato cha pili nilimsimulia kwa Kiingereza mwalimu nimpendaye, nikapata alama 18 katika 20, nikatakiwa kuyarudia mbele ya wageni siku ya wazazi. Mwalimu niliyemsimulia alivaa shati jeupe kila siku, alifika mapema, na alitusihi tusome kwa bidii. Hakuwapo. Mwalimu niliyempenda alikuwa mlevi. Alitufundisha darasa la nne, na kwa siku mbili tatu baada ya mshahara hakuonekana. Lakini siku nyingine alikuja na kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, chenye mafuta, akatusomea habari iliyokatika katikati, kisha kila mtoto akatakiwa kuimalizia. Kabla ya hapo nilijua kusoma kwa kuimba silabi tu. Kwa gazeti lile nilitambua kwamba maneno yaliyoandikwa yana mbele na nyuma, na kwamba hata mtoto aweza kuyatia mwisho. Kazi niifanyayo leo ilianzia katika mafuta yale. Hayo sikuweza kuyasema kwa Kiingereza cha kidato cha pili; na hata kama ningaliweza, mlevi asingalinipatia alama 18.

Yapata miaka ishirini baadaye mwalimu yule alifariki, nami nikatakiwa kusema machache matangani. Nilisimama mbele ya watoto wake, nikasema, kwa Kiswahili safi, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuwahi, mwenye bidii, aliyetusihi tusome. Watu walitazamana. Mwanawe mkubwa aliinamisha kichwa. Sikukusudia kusema uongo. Ndiyo maneno yaliyonijia, kwa kuwa ndiyo niliyoyazoea. Yule wa shati jeupe alikuwa amemla yule wa gazeti. Wenzangu waniambiao kwamba zoezi ni zoezi tu, na kwamba mtoto akitoka darasani huzikuta kumbukumbu zake mahali alipoziacha, na wanieleze ni kwa nini mimi sikuzikuta.

Hapa nitaambiwa kwamba nakidharau Kiingereza. Hasha. Kiingereza hakikosi uwezo wa kuchukua habari za pwani yetu wala za ziwa letu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amezichukua humo kwa namna iliyompatia tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Lakini Gurnah alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Baina ya mawili hayo ni karibu miaka ishirini. Mwanafunzi wetu tumempa dakika moja ya kujiandaa.

Tena tukumbuke mpaka uliopita katikati ya elimu yetu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikulikubali shauri hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakikuta hakitoshi kujifunzia, na hata hivyo wakashauri kibaki. Ugomvi huo ni mrefu, nami sitaumaliza hapa. Ninalotaka lionekane ni hili, kwamba miaka saba ya kwanza ya shule, ambayo ndiyo yenye walimu wanaopendwa, kwa wengi wetu imelala upande mmoja wa mpaka, na zoezi hili huwataka waisimulie wakiwa upande wa pili bila kuruhusiwa kugeuka nyuma.

Na kugeuka nyuma kulikuwa na adhabu yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, ameeleza jinsi watoto wa Kenya wa zama za ukoloni walivyochapwa kwa kusema Kigikuyu shuleni, au kuvikwa shingoni kibati chenye maneno ya kuwatukana. Ukoloni uliondoka, kibati hakikuondoka mahali pote. Katika sekondari niliyosoma mimi kilikuwa kipande cha mbao, kikipita kwa mkono wa huyu hadi mkono wa yule, na aliyekutwa nacho jioni alifyeka majani. Mwalimu aliyesimamia mbao ile ndiye aliyetufundisha kuzungumza, naye ndiye aliyetutaka tumsifu mwalimu tumpendaye. Ijumaa moja nilitumia asubuhi kumsifu mwalimu kwa Kiingereza, na jioni nikafyeka kwa kumwita mwenzangu kwa Kiswahili. Wakati ule sikuona ajabu.

Sisi wa idara za Kiswahili tusijifanye wasafi. Yule msichana wa Ukerewe alisemeshana na bibi yake kwa Kikerewe, na Kiswahili nilichomwulizia kilikuwa cha pili kwake, ingawa alikimudu. Zaidi ya hayo, sisi ni lini tulipompa mwanafunzi saa nzima asimulie shule yake? Tunampa riwaya, tunamtaka ataje dhamira, wahusika na mandhari, kwa mafungu, naye anayataja. Mwalimu asiye na uso ana ndugu yake katika madarasa yetu, aitwaye mhusika mkuu, naye ni mpole, mcheshi, na mwenye bidii.

Ninalolitaka si kuliondoa zoezi. Nataka kumbukumbu isimuliwe kwanza katika lugha iliyotukia, au iliyo karibu nayo kuliko zote, bila saa mezani na bila alama; ndipo ipelekwe katika Kiingereza, polepole, kwa kusaidiana, mwalimu akionyesha kila mahali inapokwama. Mahali pa kukwama ndipo penye somo. Litazame neno mwalimu lenyewe. Mtoto wa Uingereza humwita mwalimu wake kwa neno la heshima awezalo kuitwa mtu yeyote, wala si kwa jina la kazi. Kwetu jina la kazi ndilo heshima, hata Julius Nyerere, aliyeiacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955, jina hilo halikumwacha mpaka alipofariki mwaka 1999, na magazeti yetu ya Kiingereza huliandika vivyo hivyo bila kulitafsiri. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hilo amejifunza Kiingereza zaidi kuliko aliyekariri sifa tatu.

Muhula huu mwenzangu, ambaye hakubaliani nami lakini ni mtu muungwana, alinipa saa moja ya kipindi chake. Tulimrudisha yule msichana wa Ukerewe. Alisimulia kwa Kiswahili, dakika kumi na nane, na darasa zima lilinyamaza. Kisha tukaanza safari ya Kiingereza. Dagaa tuliwaacha na jina lao, tukaeleza tu kwamba ni samaki wadogo wa ziwani. Rimu, mmoja alilijua. Giza la mwezi lilitushughulisha sana, lakini tulilivuka. Tukafika pale mwalimu alipoingia uani jioni, na mwenzangu akaandika ubaoni neno la Kiingereza lenye maana ya kusalimu. Msichana akatikisa kichwa.

“Hapana, mwalimu,” akasema. “Hakumsalimu. Alimwamkia. Yeye, mwalimu wetu, alimpa bibi yangu shikamoo.”

Mwenzangu alilifuta neno, akasimama na chaki mkononi. Alijaribu la pili, akalifuta hilo pia, na saa ilipokwisha tulikuwa tungali pale pale.