Mlichochota Vijijini Kirudisheni

Wasomi wetu siku hizi wana wimbo mmoja: kuukomboa utafiti kutoka mikononi mwa mkoloni. Wimbo mzuri, nami nauitikia. Lakini nyani haoni kundule. Mtafiti, mtoto wa hapa hapa, anaingia kijijini na dodoso la Kiingereza, anatandikiwa mkeka, anapewa uji, wazee wanamweleza habari za dawa na mvua. Akiondoka harudi. Kijana aliyemtembeza juani na kumfasiria anaandikwa "msaidizi", jina hana. Hilo nalo katufanyia Mzungu? Elimu uliyopewa bure na wazee hao ni amana, na amana hurudishwa. Hapo msikiti na kanisa havigombani.

Kumtaja aliyekufundisha kunawezekana: mtazameni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akisoma shule ya Magamba, Lushoto, alitia kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Denis Osborne, Mwingereza aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, aliagiza lijaribiwe maabara. Makala ikatoka 1969, jina la mwanafunzi likitangulia la mwalimu. Wala haikuitishwa warsha.

Najua mtanijibu kwa habari ya fedha. Kweli, mtegemea cha nduguye hufa maskini: mfadhili akileta fedha huleta na swali lake, na mhadhiri akitaka kupanda cheo huulizwa kachapisha katika jarida gani la ng'ambo, mengine yakidai dola nyingi kwa makala moja. Hayo ni mazito, na serikali zetu ziyabebe. Lakini kurasa mbili za Kiswahili za kuwapelekea wazee zinasubiri mfadhili gani?

Na posho za warsha! Hili siliachi. Mkoloni anakemewa hotelini, kwa Kiingereza, chai mara mbili, bahasha jioni. Wenye maarifa yao hawakualikwa, na asiyekuwepo na lake halipo.

Ninyi ni watu wenye akili, fahari ya wazazi waliouza ng'ombe mkasome. Basi bajeti ijayo iwe na nauli ya kurudi. Waliowafundisha, wakiridhia, waandikwe kwa majina, tena juu. Nakala ya ripoti ibaki ofisi ya kijiji, watu waisome, na mlipokosea wawaambie.