Mwili wa vidonge, hadithi ya mayai

Kijana wa kidato cha tatu alinitumia meseji wiki jana, saa saba usiku. "Buda, ile unga yako inaeza nipea mwili kama wako ikifika Disemba?" Ako na elfu mbili za kuanzia. Chini yake picha: yuko bafuni, amebana tumbo, mikono ameitenga na mbavu ndio ionekane minene. Ana miaka 16. Darasani wanamwita Njiti.

Sikumjibu siku mbili. Wasee, ngoja niwaambie kwa nini.

Ile video anayoongelea mnaijua, ndiyo ilinileta kwenye simu za wengi wenu. Nimesimama bila shati, nimeshika mkebe wa unga wa protini, nasema siri yangu ni nidhamu, mayai na huo mkebe. Kitu nilisahau kusema, na wala sikusahau, ni kwamba hiyo ilikuwa wiki ya tano nikimeza vidonge kocha mmoja alinipa vikiwa vimefungwa kwenye nailoni. Steroidi. Sikuuliza hata jina. Nilikuwa nimeacha chuo, mzee nyumbani haongei na mimi, na kitu pekee kilichokuwa kinakua maishani mwangu ni kifua.

Kila mkebe ulionunuliwa kupitia kwangu, nilikatiwa kamisheni. Kwa hivyo nyinyi ndio mlilipa.

Na siko peke yangu, ndio maana leo nimekasirika. Mwenye anauza mwili hawezi kukuambia ulitoka wapi, kwa sababu ukijua hununui. Cheki Liver King, yule Mmarekani wa ndevu aliyekuwa anakula maini mabichi akisema anaishi kama mababu. Alikuwa anauza vidonge vya maini yaliyokaushwa. Mwishoni mwa 2022 barua pepe zake zikavuja zikionyesha kwamba dawa zake za mwili zinakula zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi, na Disemba hiyo akakiri kwenye video kwamba anatumia steroidi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Kila mwezi! Halafu wewe uko Umoja na sahani ya matumbo unajiuliza mbona hujafika.

Najua kuna mtu atasema nisiweke unga na sindano kwenye kapu moja. Sawa, tutenganishe. Unga wa protini ni chakula. Mwingi unatokana na maziwa, na kijiko kimoja kina gramu 20 na kitu, karibu mayai manne. Omena, ndengu na maharagwe zinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya kibanda. Kreatini nayo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, imechunguzwa miaka mingi, na kwa mtu mzima mwenye afya haina noma. Inakuongezea nguvu kidogo na maji kidogo kwenye misuli. Basi.

Hakuna hata moja kati ya hizo itamgeuza Njiti awe mimi wa ile video kwa miezi miwili. Na hapo ndipo mtego uko. Atanunua unga, atanyanyua vyuma, atakula mayai mpaka mamake alalamike, na Disemba itafika akiwa ameongeza kilo mbili. Hatasema "yule jamaa alinidanganya." Atasema mwili wangu ndio mbovu. Siku hiyo kocha atamvuta kando pale karibu na vyoo na kumwambia kuna kitu kingine. Sisi wa video ndio tunamlainisha, kocha anamalizia.

Kocha hatamwambia kwamba ukiingiza testosteroni ya nje, ubongo unaona iko ya kutosha na unaacha kuziamuru korodani zitengeneze yake. Zinasinyaa, mbegu zinapungua. Kuna wenye hali inarudi baada ya miezi, kuna wenye inachukua miaka, kuna wenye hairudi. Nyingine inageuka kuwa homoni ya kike na unaota matiti. Damu inakuwa nzito. Moyo pia ni msuli, nao unanenepa, lakini huo hauwezi kuupiga picha. Vidonge vinachokoza ini. Na ukiwa 16, ncha za mifupa yako zinaweza kufunga mapema, urefu ukaishia hapo. Uliingia ukitaka kuwa mkubwa, unatoka mfupi.

Mimi nilimeza wiki sita tu. Chunusi mgongo mzima, chuchu inauma nikivaa shati, na siku moja nikampigia mamangu kelele juu ya chumvi kwenye sukuma. Mamangu! Nilipoacha, kilo zikaenda, na kwa miezi miwili hata kuamka sikutaka. Hamkuona hiyo. Nilikuwa naposti video za zamani.

"Lakini ni mwili wake, mtu ajiamulie." Ajiamulie na nini? Mtu mzima anayejua jina la dawa, kipimo, na daktari wa kumpima damu, huyo tunaweza kubishana naye. Kwa kemisti testosteroni inataka karatasi ya daktari. Chupa inayouzwa nyuma ya gari haitaki kitu, na lebo yake inaweza kuchapishwa popote. Mimi sikujua jina la nilichomeza. Njiti hata kitambulisho hana.

Video nimeifuta jana. Mwenye mikebe amenipigia mara nne, na kamisheni ya mwezi huu sidhani nitaiona.

Njiti nilimwandikia yote haya, na vidonge nikamtajia. Alisoma, akakaa kimya, halafu akajibu: "Sawa. Lakini wewe si ulitumia na uko poa?"

Nimeangalia hilo swali sana. Nimemwambia akuje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, pale jimu ya mtaa wetu ya vyuma vya simiti, na asibebe pesa. Bado hajasema kama atakuja.