Si Matundu Tu?

Mwaka jana, siku nne baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, rumeti wangu alikwenda ofisini kuomba asogezewe tesiti mbili. Nilimsindikiza mimi mwenyewe, nimembebea mkoba. Alikuwa anatembea ameinama kidogo, mkono ubavuni. Aliyekuwa mezani akasoma barua ya daktari, akamwangalia juu mpaka chini, kisha akauliza:

“Oparesheni ya kawaida au ya matundu?”

“Ya matundu, mwalimu.”

“Sasa binti, si matundu tu? Wenzako wanapasuliwa tumbo zima na wanarudi darasani. Nenda kafanye tesiti.”

Akaenda. Tesiti ya kwanza aliimaliza kwa tabu. Ya pili alitoka katikati, na somo lile akaja kulifanyia sapu.

Sasa wekeni kisa hicho pembeni, niwape cha pili. Nilipokuwa kidato cha pili, mama yangu naye alitolewa mfuko wa nyongo, ila kwa njia ya zamani: alipasuliwa chini ya mbavu upande wa kulia, mpasuo mrefu kama kiganja na vidole vyake. Yeye hakuna aliyemwuliza kama ni kovu tu. Majirani na mashangazi walijaa nyumbani, wakamkataza hata kwenda bafuni peke yake. “Usiinuke dada, kidonda kitaachia.” Akalala wiki baada ya wiki, mpaka siku anasimama, kilichokuwa kinamsumbua zaidi ni miguu kuliko tumbo.

Mmoja alinyimwa mapumziko, mwingine akalazwa kupita kiasi. Mimi naona wote wawili waliumizwa na kosa moja, nalo ni hili tabia yetu ya kupima ugonjwa kwa ukubwa wa kovu.

Nasoma ualimu wa Biolojia na Kemia, sisomi udaktari. Lakini habari hii imo ndani ya mada ya kinga ya mwili ambayo wengi wetu tutakwenda kuifundisha, na tunaikariri bila kuiunganisha na maisha. Ukikatwa, sehemu ile inakuwa nyekundu, inavimba, inapata joto na inauma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus, Mrumi, karibu miaka 2000 iliyopita. Ndiyo inflamesheni, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha. Wanafunzi huwa wanadhani ni ugonjwa, kumbe ndiyo mwili unaanza kujitibu.

Kinachosahaulika ni kwamba mwitikio huo hauishii pale palipokatwa. Chembe zilizoumia hutoa taarifa, na ndani ya saa chache kemikali iitwayo intalukini-6 inapanda kwenye damu. Ikifika kwenye ini, ini linaanza kutengeneza kwa wingi protini ambayo madaktari huiita CRP. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha CRP kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Baada ya upasuaji kinapanda, na kilele chake huwa kama siku ya pili hivi. Hapo ndipo mgonjwa anapojisikia mchovu, hana hamu ya kula, joto limepanda kidogo, na usingizi wenyewe haueleweki. Jasho la mama siku zile halikuwa deko. Mwili mzima ulikuwa kazini.

Sasa linganisha njia mbili. Ya kufungua tumbo hukata ngozi, mafuta na misuli ya ukuta wa tumbo, kisha jeraha lote hilo linavutwa na kushikiliwa wazi ili daktari aone. Ya matundu kwa kawaida hutumia matundu manne, mengine ya milimita 5 na mengine ya milimita 10 hivi. Tumbo linajazwa hewa ya kabonidayoksaidi, kamera inapita tundu moja na vifaa vinapita mengine. Tafiti nyingi zilizopima damu za wagonjwa wa njia hizi mbili zimekuta jambo lile lile: intalukini-6 na CRP hupanda zaidi kwa waliofunguliwa tumbo. Kwa hiyo wanaosema upasuaji wa matundu ni urembo wa wenye hela, wanaotaka tumbo lisiwe na alama, wamekosea. Ule udogo wa tundu unahesabika mpaka kwenye damu, ndiyo maana wengi huruhusiwa siku ile ile au kesho yake, na kwa kawaida huchukua kama wiki mbili kurudi kwenye shughuli, wakati wa kufunguliwa wanaweza kuhitaji wiki sita mpaka nane.

Dharau hii haikuanzia ofisini kwetu. Daktari Mjerumani, Erich Mühe, alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii kwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1985, mjini Böblingen. Mwaka uliofuata alipowaeleza madaktari wenzake kwenye mkutano wao, walimpokea kwa mashaka. Miaka michache baadaye ndiyo ikawa njia ya kawaida ya kutoa kiungo hicho katika nchi nyingi.

Lakini hapa ndipo ninapomrudia yule aliyesema “si matundu tu.” Someni tena: CRP hupanda kidogo zaidi. Sijasema haipandi. Ndani ya tumbo kazi ni ile ile, mfuko ule ule unabanduliwa kwenye ini, mishipa ile ile inafungwa. Ndiyo maana tafiti zilipopima homoni za msongo, kama kotisoli, kwa jumla hazikukuta tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili. Kwa upande wa homoni, rumeti wangu na mama yangu walipita njia moja. Ongezea na ile hewa iliyojazwa tumboni, ambayo huacha maumivu mpaka begani kwa siku kadhaa. Wiki mbili ni wiki mbili, hazigeuki siku nne kwa sababu plasta zimefichwa na dera.

Na upande wa mama je? Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Majeed na wenzake kutoka Sheffield, Uingereza. Wagonjwa 200 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja matundu, kundi jingine mpasuo, ila mpasuo mdogo unaofanywa kwa uangalifu. Kisha wote wakafungwa bandeji zinazofanana, ili wahudumu wao wasijue nani amefanyiwa nini. Matokeo? Oparesheni ya matundu ilichukua muda mrefu zaidi, na katika siku za kulazwa na muda wa kupona hapakuwa na tofauti ya maana.

Mimi nasoma mambo mawili hapo. Kwanza, mahali ambapo hakuna mashine ya matundu, mgonjwa hajahukumiwa. Daktari mzoefu anayekata kidogo anaweza kumkaribia sana mwenye kamera, kwa hiyo tusiwafanye wazazi wauze kiwanja wakidhani hakuna njia nyingine. Pili, namna tunavyomchukulia mgonjwa ni sehemu ya kupona kwake. Yule wa bandeji hakuwa na kovu la kumtisha mtu wala tundu la kudharauliwa. Aliangaliwa kama mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo, basi. Mama yangu tulimwangalia kama kovu. Siku hizi hospitali humwinua mgonjwa mapema, hata siku ile ile ikiwezekana, kwa sababu kulala muda mrefu kunapunguza nguvu ya misuli na kunaleta hatari ya damu kuganda miguuni. Sisi nyumbani tulimfunga kitandani kwa mapenzi.

Najua kuna atakayesema wanachuo ni wajanja, kila mtu ataleta barua ya oparesheni tesiti zikikaribia. Ni kweli wapo, na barua za uongo tumeziona. Lakini dawa ya barua ya uongo ni kupiga simu hospitali iliyoiandika. Kumwangalia mtu tumbo kwa macho hakusaidii chochote, maana jambo linalotafutwa limo kwenye damu.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja moja tu. Utaratibu wa kuahirisha tesiti, UE au TP kwa sababu ya upasuaji ufuate siku zilizoandikwa na daktari, na mwenye mashaka aulize hospitali ndani ya siku mbili. Yeyote wa mezani asipewe kazi ya kukadiria ni tundu gani dogo na ni lipi kubwa.

Na sisi tunaokwenda TP, tukifika kwenye mada ya kinga ya mwili, tusiishie kwenye zile dalili nne ubaoni. Tuwaambie wanafunzi kwamba bibi yao akitoka hospitali na kovu refu, wamshike mkono atembee taratibu uani. Na dada yao akitoka na matundu manne, wasimtume maji.

Rumeti wangu amepona. Sapu amefaulu, alama C. Alistahili kufanya tesiti ile mara moja tu, siku ambayo angeweza kukaa kwenye kiti bila kushika ubavu.