Uvira: mto Mulongwe haufuriki kutoka mjini

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu mjini Uvira. Tangu hapo, kila mvua kubwa inaponyesha, wakaaji wa kando ya mto hawalali.

Mulongwe ni mto mfupi. Unashuka kwa kasi kutoka milima ya Mitumba, unapita katikati ya mji na kuingia ziwa Tanganyika. Mvua ikipiga mlimani, mji hauna muda mrefu wa kujiandaa. Miteremko iliyokatwa miti inaachilia udongo na mawe. Hayo yanajaza mkondo huku chini, na maji yanatafuta njia katika viwanja vya watu. Wengi wamejenga pale kwa kukosa mahali pengine, wakiwemo waliokimbia vita katika milima.

Na ni mto huohuo ambao REGIDESO inauchota ili kutupatia maji. Bomba likikauka, mama anabeba bidoni kwenda mtoni au ziwani, na kipindupindu hakijawahi kuuacha mji huu kwa muda mrefu.

Kuondoa mchanga na kuimarisha kingo ni kazi ya lazima. Lakini mchanga utarudi, kwa sababu mji unatawaliwa na meya, na mlima uko chini ya uchifu wa Bavira. Anayekata mti siye anayepoteza nyumba.

Tusiwahukumu haraka wa juu. Makala ya mlimani yanapikia nani? Ezekieli 34:18 inawakemea wanaokunywa maji safi kisha kuyavuruga kwa miguu yanayobaki. Wengi wetu tulizoea kuwaelekezea wengine andiko hilo. Sisi wanunuzi nasi tumo.

Kanisa lina jambo ambalo ofisi nyingi hazina: waamini wake wako mlimani na pia ufukoni. Parokia za chini zinaweza kutoa sadaka kwa ajili ya miche na majani ya kuzuia udongo, na parokia za juu zikavipanda na kuvitunza katika mashamba yao ya mihogo. Siyo siku moja ya kupanda miti na kupiga picha. Mche usiotunzwa huliwa na mbuzi.

Mvua huanza tena mwezi wa tisa. Vitalu vinapaswa kutayarishwa wakati huu wa kiangazi.